Nyiragongo: jina, kisasili na moto

Nyiragongo una mita 3,470 na uko kaskazini mwa jiji la Goma. Katika imani ya kubandwa, iliyoenea Rwanda, Burundi na pande zetu za Kivu, mlima huu ni makao ya wafu. Haukujengewa hekalu, utakatifu wake umehifadhiwa katika jina na kisasili.

Tuanze na jina. Kiambishi nyira- cha Kinyarwanda huunda majina ya kike, na mara nyingi humaanisha mama wa fulani. Kanjogera, mama yake mfalme Yuhi Musinga, aliitwa Nyirayuhi. Kwa kanuni hiyo, Nyiragongo ni "mama wa Gongo". Wajerumani wa wakati wa von Götzen, aliyeupanda mwaka 1894, waliandika Kirunga-tscha-gongo, yaani Kirunga cha Gongo. Kirunga ni volkano, na wingi wake, Virunga, tunaujua wote. Jina la kwanza linataja uzazi, la pili linataja umiliki. Yote mawili yanauhusisha mlima na Gongo.

Kisasili chenyewe kinamhusu Ryangombe, ambaye Bashi humwita Lyangombe. Alikuwa mwindaji hodari. Mama yake alimkataza kwenda mwituni. Akaenda, akauawa na nyati penye mti wa umuko, ule wenye maua mekundu. Tangu hapo, waliopokelewa katika kubandwa wakifa humfuata Karisimbi, mlima wa mita 4,507 ambao jina lake huhusishwa na isimbi, kauri nyeupe. Wasiopokelewa hutupwa katika moto wa Nyiragongo.

Kisasili hiki kina uzito hata leo. Lava ilishuka mwaka 1977, ikapita katikati ya Goma Januari 2002, ikashuka tena tarehe 22 Mei 2021. Kila mara husikika maneno kwamba mlima umewaadhibu wakosefu, na wengine huyaita maneno hayo imani ya mababu.

Tukichunguza vitenzi vya kisasili, tunaona jambo jingine. Wafu ndio wanaokwenda mlimani. Moto haushuki kuwafuata walio hai. Tena kinachowatenga watu ni kupokelewa au kutopokelewa katika kubandwa, wala si mtaa wanaokaa. Kisasili kinaeleza hatima baada ya kifo. Hakielezi kwa nini nyumba ya jirani iliungua na yetu ikabaki. Hilo linaelezwa na nyufa zilizofunguka ubavuni mwa mlima na mteremko uliopitisha lava.

Kwa hiyo anayewalaumu waliofiwa kwa jina la mababu anawasingizia mababu. Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tunaweza kuwarekebisha watu wetu kwa upole: tukihifadhi visasili kama vilivyosimuliwa, hatutavigeuza kuwa hukumu juu ya watu waliopoteza nyumba.