Mtu ni Watu, Programu ni Maktaba

Wazee wetu husema mtu ni watu. Hapa Johannesburg tunalisikia wazo hilo katika neno la Kizulu, ubuntu, ndugu wa utu wetu. Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, aliuita hivyo mfumo wa kompyuta wa bure uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004. Kwa miaka kadhaa diski zake zilitumwa bila malipo kwa yeyote aliyeziomba.

Katika mfumo huo tunaandika, kwa lugha ya C, programu ndogo ya mazoezi ya ngeli. Wadogo zetu Lubumbashi wanaisubiri. Itawafikia kwa flashi, maana intaneti kwao ni ghali na kompyuta yenyewe ni kuukuu. Ikigoma kufunguka, hawatakuwa na njia ya kupakua kilichokosekana.

Kwa nini igome? Programu ya C ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa kawaida haibebi kila kitu. Kazi nyingi, kama kuandika kwenye skrini au kuhifadhi data, huziazima kwenye maktaba za pamoja ambazo programu nyingine pia hutumia. Yenyewe hubeba majina yao tu. Ikifunguliwa, kipakiaji cha mfumo huzitafuta. Ikikosekana hata moja, safari imeishia hapo. Amri ya ldd hukuonyesha zinazohitajika na ambazo hazikupatikana.

Wengi hudhani inatosha kuziweka maktaba hizo folda moja na programu. Windows huitazama folda hiyo. Linux haiitazami mpaka iambiwe. Dawa ni kuongeza maneno haya wakati wa kuunganisha:

-Wl,-rpath,'$ORIGIN/lib'

Hapo $ORIGIN ni mahali programu ilipo, popote itakapohamia. Kisha fungasha folda nzima kwa tar, kwa kuwa flashi za mfumo wa FAT hazihifadhi ruhusa za faili.

Lakini si kila maktaba ya kubebwa. Glibc, maktaba mama ya C, huenda sambamba na kipakiaji cha kompyuta husika, basi iache. Badala yake, itengeneze programu kwenye mfumo wa zamani: iliyotengenezwa kwa glibc ya zamani hufanya kazi kwenye mpya, lakini kinyume chake mara nyingi hushindikana. Na kama kompyuta ya huko ni ya biti 32, tengeneza ya biti 32.

Je, tubebe maktaba siku zote? Hapana. Aprili 2014, kasoro ya Heartbleed ilipotangazwa katika OpenSSL, sasisho moja la maktaba ya pamoja liliziponya programu zote zilizoitegemea. Zilizokuwa na nakala zao wenyewe zilibidi zitibiwe mojamoja. Vifurushi vya snap, vilivyoingia Ubuntu mwaka 2016, hubeba maktaba nyingi ndani yake, lakini husasishwa kwa intaneti. Kwa hiyo hapa chuoni tutategemea maktaba za mfumo. Ya Lubumbashi itabeba zake.

Imebaki kuijaribu. Kompyuta zetu zina kila maktaba tayari, hivyo haziwezi kutuambia ukweli. Mwanachama mwenye laptopu ya zamani, isiyowahi kuiona programu hii, aje nayo kwenye kikao kijacho. Intaneti tutaizima.