Jina Moja, Sauti Nyingi

Tyagaraja (1767–1847), mmoja wa watunzi wakuu wa muziki wa Karnatiki wa kusini mwa India, aliishi Thiruvaiyaru, kando ya mto Kaveri, akimtungia mungu Rama nyimbo kwa Kitelugu. Wafuasi wake husimulia kwamba alilitaja jina la Rama mara milioni 960. Piga hesabu ya jina moja kwa kila sekunde, usiku na mchana bila kulala: utapata zaidi ya miaka 30. Basi tuichukue kuwa ni sifa, si takwimu.

Nyimbo zake za aina ya kriti zinahitaji fundi. Zina kiitikio, kipande cha pili kinachopanda juu, kisha ubeti. Na mstari mmoja hurudiwa mara kadhaa, kila mara kwa mapambo magumu zaidi. Asiye na mafunzo ya miaka hukaa akasikiliza.

Lakini Tyagaraja huyo huyo alitunga pia divyanama kirtana, nyimbo za majina matukufu, na hapa alibadili mkono kabisa. Beti ni nyingi, mahadhi ni yale yale. Ukishaushika ubeti wa kwanza, umezijua zote. Raga, yaani mpangilio wa noti wa wimbo, inabaki raga, na noti zake hazichezewi. Kilichopunguzwa ni mapambo. Kwa maoni yangu kazi hii inampima mtunzi kuliko kriti, maana mahadhi matupu hayana pa kuficha udhaifu.

Nyimbo hizi zilikusudiwa umati. Katika bhajana, yaani mikusanyiko ya kuimba sifa, za upande wa Thanjavur, ambazo mapokeo yake hurudishwa kwa watawa na walimu kama Bodhendra na Ayyaval, taa huwekwa katikati na waimbaji huizunguka. Kiongozi hutoa mstari, wengine hupokea, huku ngoma ya mridangamu na matoazi madogo vikishika mapigo. Aliyewahi kuketi kwenye halaka ya dhikiri ataelewa upesi. Kwa kuwa jina halibadiliki, uhai wote uko kwenye mwendo: huanza taratibu, kisha hukazwa. Kiongozi mzuri husubiri mpaka waitikiaji waanze kumdaka mdomoni kabla hajamaliza, ndipo aongeze kasi. Akiharakisha, sauti za nyuma hukatika moja moja.

Kwenye kumbi za Chennai nyimbo za majina huwekwa mwishoni, baada ya ngoma kupewa nafasi yake peke yake, nazo huitwa tukkada, yaani vipande. Jina hilo naliona la dharau. Aruna Sairam, kwa mfano, alijipatia wapenzi wengi kwa kuimba hapo abhanga, nyimbo za ibada za Kimarathi zinazomtaja mungu Vitthala wa Pandharpur. Zikianza, watu waliokaa saa mbili wakitikisa vichwa tu hujikuta wanapiga makofi kufuata mapigo.