Sukari kupanda asubuhi: usijiongezee dawa

Wafanyakazi wenye ugonjwa wa sukari wanatuuliza: «Usiku mzima sikula kitu. Mbona asubuhi sukari imepanda?»

Sababu ni hii. Tunapolala, ini linatoa sukari liliyoiweka akiba. Kuelekea mapambazuko mwili unajitayarisha kuamka, na ini linazidi kuitoa. Kwa mtu mwenye afya insulini inaizuia. Kwa mgonjwa insulini haina nguvu ya kutosha. Sukari inabaki katika damu. Bukari nyingi ya usiku sana inaongeza shida.

Wagonjwa wengi wanatakiwa kupata miligramu 80 mpaka 130 kwa desilita kabla ya kula. Ukipata 180, usimeze vidonge viwili badala ya kimoja! Dawa nyingine zinashusha sukari kupita kiasi: mtu anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Ndani ya shimo au kwenye usukani, ni hatari kwako na kwa wenzako. Ikitokea, acha kazi, kunywa maji yenye vijiko vitatu vidogo vya sukari, mwambie kapita.

Fanya hivi:

1. Kula mapema jioni: bukari kidogo, sombe na samaki zaidi.
2. Kisha tembea dakika 15.
3. Andika vipimo vya asubuhi saba, pamoja na saa za kula na za zamu. Mpelekee munganga daftari. Ni yeye anayebadilisha dawa.

Akina mama, mzee akiwa na kiu kali, anakojoa sana na kutapika, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali.