Jarida Lisiloshikika: Jinsi Maktaba za Vyuo Zinavyogawana Elimu

Sisi wa shule za kutwa twaijua sana kabati ya vitabu. Nakala moja ya fasihi, wanafunzi wanne. Leo kinalala kwa huyu, kesho kwa yule, na zamu ikikupita basi, ngoja wiki ijayo. Wengi husema ati vyuo vikuu havina shida hiyo, kwani majarida yao siku hizi yamo ndani ya kompyuta. Kumbe mambo sivyo!

Kwanza, jarida la kitaalamu si kama hili letu la Chama. Ni mahali ambapo watafiti hutangaza walichogundua, baada ya wataalamu wenzao kukisoma na kukikosoa. Chukua mfano wa karibu. Pale Mbita, si mbali na hapa Sindo, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kina kampasi iliyopewa jina la mwanzilishi wake, Profesa Thomas Odhiambo. Huko ndiko kilikokuzwa kilimo cha vuta-sukuma: desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi ili kufukuza viwavi wa mabua, majani ya nepia hupandwa kandokando ili kuwavuta, na mizizi ya desmodiamu huliangamiza gugu lile tunaloliita kayongo. Mwaka 1997 watafiti wa icipe na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walichapisha sehemu ya utafiti wao kuhusu wadudu hao katika Nature, jarida la London. Basi elimu ya mahindi ya Kenya ikasafiri hadi Ulaya, na ili irudi, maktaba ya Kenya ilibidi ilipe.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Jarida la karatasi ukilinunua ni lako. Hata usipolipa mwaka ujao, nakala za zamani zinabaki rafuni. Jarida la kompyuta mara nyingi ni la kukodi, kama nyumba ya kupanga: kodi ikikatika, mlango unafungwa, na pengine hata ya miaka uliyolipia hayaonekani, isipokuwa mkataba uwe ulisema vingine. Hata ya bure yana mwenyewe. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha HINARI ili nchi maskini zisome majarida ya afya. Lakini Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliiondolea Bangladesh majarida kama 2,500, kisha kelele zilipozidi wakayarudisha. Wee fikiria daktari aliyekuwa katikati ya kusoma!

Kwa sababu hiyo maktaba za Kenya ziliungana mwaka 2003 zikaunda muungano uitwao KLISC. Ni kama chama cha akina mama sokoni: kila mmoja anatoa mchango, kisha wananunua kwa pamoja. Chuo kimoja kikienda peke yake kwa mchapishaji kinatajiwa bei ya kutisha. Vikienda vingi pamoja, vinasikizwa. Taasisi za utafiti nazo zimo, si vyuo vikuu tu.

Lakini kulipa ni nusu ya kazi. Mkutubi lazima ajue anacho nini. Jarida moja laweza kuwa katika hifadhi mbili tofauti, moja ikitoa ya zamani, nyingine ya sasa. JSTOR ya Marekani, kwa mfano, ina ya zamani mengi sana, ila kwa majarida mengi miaka michache ya mwisho hufichwa nyuma ya mpaka unaosogea kila mwaka. Mkutubi asipoandika vizuri kwenye orodha yake jina, miaka na mahali lilipo, mwanafunzi ataambiwa halipo, na kumbe chuo kinalilipia!

Halafu kuna swala la nani aruhusiwe. Mara nyingi kompyuta za chuo hutambulikana kwa nambari yake ya mtandao. Mwanafunzi wa chuo akirudi Sindo likizoni, simu yake haina nambari hiyo, hivyo anabishiwa mlango mpaka chuo kimwekee njia ya kuingilia kwa neno la siri.

Na kuazimana je? Jarida la karatasi nikikuazima, mimi nabaki bila. La kompyuta tungesoma sote kwa wakati mmoja, lakini ndilo lenye ua mrefu zaidi. Mikataba mingine humruhusu mkutubi kumpelekea mwenzake makala moja tu, na kuna iliyosema lazima aichape kwanza kwenye karatasi! Mimi naona hayo ni mambo ya kuchekesha, ingawa wachapishaji nao wana gharama zao.

Hata hivyo si kila mlango umefungwa. African Journals Online, iliyoanza 1998 na sasa iko Afrika Kusini, imekusanya majarida ya bara letu na mengi husomwa bure. Na kwa sisi wanachama, jarida la Swahili Forum, lililoanza 1994 Ujerumani, liko wazi kwenye mtandao bila ada wala neno la siri. Kompyuta moja yenye intaneti yatosha. Mwalimu mlezi wetu akituazima ile ya ofisini kila Ijumaa baada ya masomo, tunaweza kuanza na toleo la kwanza.