Kwa Nini Mpingo Haufai Kuwa Uso wa Fidla

Tupa kipande cha mpingo kwenye ndoo ya maji: kitazama kama jiwe. Mita moja ya ujazo ya mti huu huzidi kilo 1,200. Tanzania na Msumbiji huwauzia mbao hiyo watengenezaji wa klarineti, ndiyo maana wengi wetu tumezoea kuuita mti wa muziki. Lakini mpe fundi wa fidla mpingo huohuo achonge uso wa ala yake, atakurudishia.

Kwenye klarineti kinachovuma ni hewa iliyo ndani. Mbao ni bomba, na bomba linatakiwa litulie. Fidla ni kinyume. Uzi ni mwembamba mno kuisukuma hewa. Peke yake hautoi zaidi ya mnong'ono. Mtetemo wake hushuka kwenye kidaraja kinachozibeba nyuzi, na kutoka hapo uso wa mbao ndio unaotikisa hewa ya chumba. Uso mzito hautikisiki kirahisi. Ukiwa mwepesi lakini dhaifu nao utabonyea, kwani nyuzi nne zilizokazwa huugandamiza kupitia kidaraja kama mzigo wa kilo 8 hivi, usiku na mchana.

Inatakiwa basi mbao kakamavu isiyo na uzito. Fundi huipata kwa msprusi, jamaa wa msonobari, unaoota kwenye baridi ya milima ya Ulaya. Mita yake ya ujazo ina kilo 400 na kidogo. Msitu wa Paneveggio, kaskazini mwa Italia, unasifika kwa mbao hiyo, ingawa dhoruba ya Oktoba 2018 iliangusha miti mingi ya eneo hilo. Kule juu msimu wa kukua ni mfupi, hivyo pete za mwaka hubanana, pengine milimita moja tu kati ya pete na pete.

Gogo hupasuliwa kwa shoka na kabari kuelekea kwenye kiini, kama chapati inavyokatwa pembetatu. Shoka hufuata nyuzinyuzi za mti zinakokwenda. Msumeno hauna adabu hiyo, hukata popote unapoelekezwa. Kila unyuzi uliokatwa njiani ni ukakamavu uliopotea, maana ubao wa msprusi ni mgumu kupinda kwa urefu zaidi ya mara kumi kuliko kwa upana. Kisha kipande huachwa kikauke kwa miaka, kikachanwa katikati, kikafunguliwa kama kitabu na kuunganishwa kwa gundi.

Ndipo patasi inaanza, nje kwanza, hadi uso uvimbe kama mgongo wa kobe. Ndani huchimbwa kwa randa ndogo zisizozidi kidole gumba, mpaka unene ubaki milimita 3 au chini ya hapo. Vipimo vya fidla za Antonio Stradivari, aliyefariki Cremona mwaka 1737, vimechapishwa, anayetaka avinakili. Sioni vitamfikisha mbali. Mbao mbili hazilingani, na milimita 3 zinazoufaa ubao mmoja zitamziba mwenzake mdomo. Kwa hiyo fundi hushika ubao kwa vidole viwili, akaugonga, akasikiliza, akapunguza kidogo, akagonga tena. Fundi wa fidla Mmarekani, Carleen Hutchins, alitumia njia ambayo mwanafizikia Ernst Chladni aliionyesha mwaka 1787: nyunyiza mchanga laini juu ya ubao, utetemeshe, na mchanga utajikusanya kwenye mistari ambapo mbao haichezi. Mstari uliopinda upande humwambia fundi pa kukwangua.

Mwisho hubandikwa papi moja ndani, chini ya uzi mnene, na upande wa pili husimamishwa kijiti kisichotiwa gundi, ambacho Waitaliano hukiita roho.

Fidla ya aina hiyohiyo hupigwa kwenye taarabu ya Unguja, mahali penye unyevu wa bahari ambao msprusi haukuuzoea. Mbao hufutuka kwa upana, karibu isifutuke kabisa kwa urefu. Gundi ya ngozi ya wanyama, dhaifu kwa makusudi, huachia ukingoni kabla uso haujapasuka, na fundi huirudisha kwa maji ya moto na vibanio.