Safari ya Miguu Hupangwa Nyumbani

Askari aliyezoea mwendo wa kambini huenda akadhani kwamba safari ya miguu haihitaji matayarisho. Lakini anapofuatana na mkewe na watoto, mwendo si wake tena. Ni wa yule mwenye hatua fupi kuliko wote.

Tuchukue mfano wa njia ya siku mbili, kutoka Gatumba hadi jiwe la Mugere. Hapo Livingstone na Stanley walipita mwezi wa Novemba 1871, wakiwa katika safari ya kuchunguza kama Mto Rusizi huingia katika Ziwa Tanganyika au hutoka humo. Waliona kwamba huingia. Siku ya kwanza ni kwenda Bujumbura, kiasi cha kilomita 15, na kulala mjini. Siku ya pili ni kuelekea kusini, kiasi cha kilomita 12.

Sasa tuhesabu saa. Mkienda kilomita 3 kwa saa, kilomita 15 ni saa 5. Ongezeni mapumziko ya dakika 10 kila saa, pamoja na chakula, zitakuwa saa 7. Mkiondoka saa 12 na nusu asubuhi, mtafika saa 7 na nusu mchana. Mkichelewa hadi saa 5, mtafika magharibi. Hatari iko hapo: viboko wa Rusizi hutoka majini jua linapotua kwenda malishoni, na huweza kumwua mtu aliyesimama kati yao na maji. Basi fuateni barabara kuu, wala msikate njia katika matete.

Chagueni kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti. Hata hivyo, waulizeni kwanza wavuvi na wakulima hali ya njia. Mwaka 2020 Rusizi ilifurika ikawahamisha maelfu ya wakazi wa Gatumba. Palipokuwa pakavu jana huenda leo pana maji.

Mama wa nyumbani achemshe maji usiku wa kuamkia safari, lita 3 kwa kila mtu mzima, kwani maji ya ziwa yasiyochemshwa huleta kipindupindu. Viazi vitamu, ndizi na ndagala wakavu vyatosha. Viatu viwe vilivyozoeleka, si vipya.

Mwisho, mwachieni jirani karatasi yenye njia yenu na saa ya kufika. Saa hiyo ikipita bila habari, atajua pa kuanza kuwatafuta.