Shule binafsi inataka kiwanja chako: mambo ya kujua kabla ya kupokea pesa

Ikiwa unaishi Nakivale, Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja au makazi mengine ya wakimbizi nchini Uganda, huenda jirani yako ni shule ya binafsi. Ilianza na vyumba viwili vya udongo. Watoto wakaongezeka, na sasa mwenye shule, dairekta kama tunavyomwita, anatafuta nafasi ya bweni, jiko na uwanja wa kuchezea. Nafasi anayoiona ni kiwanja chako, au cha jirani yako wa upande wa pili.

Makala hii inaeleza ni nani anaamua kuhusu ardhi hiyo, na ufanye nini ikiwa ujenzi umeshaanza.

Kwa nini shule hizi zinapanuka?

Uganda ilianza elimu ya msingi bila ada mwaka 1997, na watoto wa wakimbizi wanapokelewa katika shule hizo kama watoto wa raia. Lakini katika shule nyingi za makazi darasa moja lina watoto zaidi ya 100. Mzazi anayepata kidogo kwenye biashara au shamba anampeleka mtoto shule ya kulipia, mara nyingi iliyoanzishwa na mkimbizi mwenzake aliyekuwa mwalimu Kongo au Burundi. Kwa hiyo usitegemee kijiji kizima kiwe upande mmoja. Watu walewale wanaolalamika kuhusu maji machafu ya shule ndio wanaolipa minervali pale kila muhula.

Je, ninaweza kuiuzia shule kiwanja changu?

Hapana. Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinasema mkimbizi anayeishi kwenye makazi anaitumia ardhi bure kwa kulima au kufuga, lakini hana haki ya kuiuza, kuikodisha wala kuihamishia mtu mwingine. Ardhi ya makazi inasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, ambayo ndiyo iliyokupimia.

Wengi wanaizunguka kanuni hiyo kwa maneno: "Mimi siuzi ardhi, nauza nyumba." Ni kweli nyumba uliijenga kwa mikono yako. Matofali, milango, mabati na migomba ni vyako. Lakini dairekta hana haja na mabati yako, anataka nafasi. Karatasi mnayoandikiana mbele ya mashahidi wawili, hata ikiwa na mhuri wa kiongozi wa kijiji, haiwezi kumpa haki ambayo wewe mwenyewe huna.

Fikiria jambo hili linavyoweza kuisha. Mama mjane anapokea nusu ya pesa. Nusu nyingine anaahidiwa muhula ujao, pamoja na mtoto wake mmoja kusoma bila kulipa. Anahamia kwa dada yake, na shule inabomoa nyumba wiki hiyohiyo. Muhula unafika, pesa hakuna, na mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Mama akienda kulalamika ofisini, swali la kwanza ni kwa nini aliuza. Akiomba kiwanja kingine, kwenye kitabu inaonekana alishapewa.

Dairekta naye hayuko salama. Amejenga bweni la gharama juu ya ardhi ambayo kwa maandishi bado ni ya familia nyingine, na ofisi inaweza kumwambia aondoke. Tunalisema hili kwa sababu baadhi ya wenye shule hudhani hatari iko upande wa muuzaji peke yake.

Njia inayofaa ni ndefu, lakini inakulinda. Shule iandike ombi kwa OPM kupitia kwa kamanda wa makazi. Ikiwa ofisi itakubali shule ipanuke upande wako, omba upimiwe kiwanja kingine na kiandikwe kwa jina lako kabla hujahama. Malipo ya nyumba na mazao yako yazungumzwe mbele ya RWC1 na afisa wa OPM, na kiasi kiandikwe. Ahadi ya mtoto kusoma bure nayo iandikwe: ni muhula mingapi, na nini kitatokea shule ikifungwa au ikibadilisha mwenyewe. Usihame kwa ahadi ya mdomo.

Kumbuka pia kwamba viwanja vingi vya makazi vilivyotolewa miaka ya karibuni havizidi mita 30 kwa 30. Bweni, vyoo, jiko na uwanja haviwezi kuenea humo. Shule ikichukua kiwanja kimoja leo, karibu kila mara itarudi kuomba kinachofuata. Kwa hiyo majirani wa safu nzima wakae pamoja mapema na kumwomba dairekta aonyeshe mpango wake wote, badala ya kila mmoja kuzungumza naye peke yake jioni.

Shule ikijenga ndani ya uzio wake, majirani wana la kusema?

Ndiyo. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeifanya Uganda yote kuwa eneo la mipango, na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali kabla ya kujenga, kisha kibali kingine kabla jengo halijaanza kutumika. Leseni ya elimu si kibali cha kujenga. Una haki ya kuuliza kwa heshima: "Mwalimu, ramani ya jengo hili ilipitishwa na nani?"

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi ni vyoo. Kiwango kinachotumika Uganda ni tundu moja kwa watoto 40, kwa hiyo shule ya watoto 400 inahitaji matundu 10. Shule inayoongeza madarasa bila kuongeza vyoo inawapeleka watoto kwenye migomba yako. Shimo la choo liwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, na sehemu yake ya chini iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwenye mabonde, ambako ukichimba kidogo unakuta maji, hilo linahitaji afisa wa afya aje aone mwenyewe.

Kisha kuna maji ya mvua, ambayo watu huyasahau mpaka ukuta uanguke. Paa la mita 20 kwa 8 likipata mvua ya milimita 30 linamwaga lita 4,800, yaani jerikeni 240 za lita 20, na yote yanashuka upande mmoja. Nyumba ya matofali mabichi iliyo chini ya mteremko haiwezi kustahimili hivyo kwa misimu miwili. Omba mifereji kwenye paa, tangi, na mtaro unaoelekea barabarani. Kuna shule zinazokubali majirani wachote kwenye tangi hilo siku za kiangazi, na ugomvi mwingi unaishia hapo.

Njia ya kwenda kwenye pampu isizibwe na uzio. Ipimeni kwa kamba na kukubaliana upana wake kabla nguzo hazijasimamishwa, kwa sababu uzio ukishasimama ni vigumu kuung'oa. Njia hiyo ni ya watoto wa shule pia. Bweni likishika moto usiku, watakaofika kwanza na ndoo ni ninyi majirani.

Kuhusu kelele za kengele na maombi ya alfajiri, zungumzeni na mwalimu mkuu. Hilo halihitaji ofisi.

Ikiwa shule inanunua nje ya mpaka wa makazi

Hapo ardhi ni ya wenyeji na taratibu ni nyingine. Mwenyekiti wa LC1 na majirani wa pande zote wahusishwe. Mtu asiye raia wa Uganda anaweza kukodi ardhi kwa muda, lakini hawezi kuimiliki moja kwa moja. Mahali ambapo mpaka kati ya makazi na vijiji vya wenyeji una mgogoro, shule isiweke hata kigingi kabla OPM na LC1 hawajasimama pamoja mahali hapo.

Nilalamike wapi?

Anza na shule yenyewe, ukiwa na mwenyekiti wa RWC1. Ikishindikana, endelea RWC2, RWC3, kisha ofisi ya OPM ya makazi yako. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya FRRM, au kuonana na shirika la msaada wa kisheria linalofanya kazi kwenye makazi yako. Beba karatasi ya familia, picha za simu zinazoonyesha mpaka, tarehe ujenzi ulipoanza, na majina ya majirani wa pande nne. Kama ulishapokea pesa, sema ukweli tangu mwanzo na peleka karatasi mliyoandikiana.

Huduma za OPM, UNHCR na mashirika washirika ni bure. Mtu akikuomba pesa ili akupimie kiwanja au alifikishe lalamiko lako, usilipe. Andika jina lake na siku aliyokuomba, kisha toa taarifa.